Nusu ya Sahani

Shiundu alimaliza ugali wa upande wa kulia, akafuta midomo, akauliza kama chakula kimeisha. Nasambu aliizungusha sahani, na mumewe akakutana na nusu ya pili, akaila kana kwamba imepakuliwa wakati huo. Tangu atoke wodini alikula hivyo. Mwanzoni Nasambu alilia. Siku hizi aligeuza tu.

Wainaina, mwenye mjengo wa ghorofa kituoni Kawangware 46 ambako Shiundu alianguka akijenga, alifika kwao mtaa wa Lindi akikwepa matope ya mvua za El Nino. Kwapani alikuwa na bahasha ya picha za kichwa cha Shiundu. Tajiri akikulipia picha, hata ubongo wako ni wake.

"Sasa, fundi. Bibi yako anaitwa nani?"

"Nasambu."

"Na mimi?"

"Mzee Wainaina."

"Basi umepona."

"Mzee," Nasambu alisema, "daktari alituonyesha hapo peusi kwenye picha. Alisema macho yake ni mazima, lakini akili imesahau kuna upande wa kushoto. Itarudi polepole, na pengine si yote. Alisema asipande juu."

Wainaina aliinua picha kwenye mwanga wa mlango. Doa lilikuwa dogo, kama punje ya haragwe.

"Mama, hata mimi nilikuwa hapo. Si alisema ubongo hujifunza tena kwa mazoezi? Sasa mazoezi gani inashinda kazi? Kesho asipokuja, nachukua fundi mwingine."

"Nitakuja," Shiundu alisema. Alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu aanguke, na tabasamu hilo ndilo lililomuumiza Nasambu. Mwenye nguvu mpishe. Alimpisha Wainaina mlangoni, akaosha sahani.

Asubuhi alimsindikiza mumewe hadi mjengoni, akamtazama akipanda jukwaa la miti mpaka ghorofa ya tatu. Mkono haukuwa umesahau kazi. Mawe yalikaa, timazi ilinyooka, na ukuta ukaota kuanzia katikati kwenda kulia.

"Unaona?" Wainaina alisema kando yake. "Watu wa hospitali wanapenda kutisha watu."

Ubao aliosimamia Shiundu uliishia kushoto kwake, na huko hapakuwa na kizuizi. Alishusha mwiko, akarudi nyuma kidogo upande huo kuutazama ukuta wake, kama alivyozoea zamani.

"Baba Timothy," Nasambu alimwita mumewe, lakini mashine ya kuchanganya simiti ilikuwa imewashwa. Wainaina alikuwa akiirudisha picha kwenye bahasha. Nasambu alibaki ametazama juu, mikono yake miwili ikizungusha sahani ambayo haikuwepo.