Jamaa Aliyepanda Kiti Juu ya Meza

Mama Pacha alikuwa amekaa benchi ya pili kutoka mbele, kizibao chake kipya cha rangi ya chungwa kikinuka plastiki, mlango wa kontena la mafunzo ulipofunguliwa akaingia mtalaka wake.

Alipepesa macho, akatazama tena. Ni yeye. Bega la kushoto limelala kidogo, mwendo ni wa mtu anayekagua mali ya urithi, na ile tabia yake ya kukohoa mara mbili kabla ya kusema neno. Miaka sita ilikuwa imepita tangu waachane. Kwa miaka yote hiyo walikuwa wakionana mlangoni tu, dakika mbili tatu, anapokuja kuwachukua watoto wao siku za likizo. Alijua kwamba siku hizi mwanamume huyu yuko "kwenye mambo ya ujenzi". Alidhani anabeba mchanga.

Mwanamume mwenyewe alikuwa bado hajamwona. Aliweka mafaili mezani, akakohoa mara mbili.

"Hamjambo nyote. Mimi ndiye mkufunzi wenu wa usalama kazini. Hapa saiti wananiita Bwana Kofia, kwa sababu helmeti hii siivui, hata nikiwa nakula. Bila mafunzo ya leo hakuna atakayegusa hata koleo. Na jambo moja kabla hatujaanza: kwangu mimi hakuna swali la kijinga. Ulizeni. Msione haya."

Ndipo macho yake yakafika benchi ya pili. Yakamtoka kama ya mjusi aliyebanwa na mlango.

Mama Pacha akamrudishia tabasamu la adabu kabisa, tabasamu la mwanafunzi aliyekuja kujifunza. Yeye kazi yake ilikuwa kupaka rangi. Alikuwa amepaka vyumba vya watu kwa miaka mingi, kimoja kimoja, na hii ndiyo mara yake ya kwanza kuajiriwa kwenye jengo la ghorofa saba. Kazi aliitaka. Kwa hiyo alijiapiza moyoni kwamba leo atafunga mdomo wake na kuutia kufuli. Na kweli aliufunga, dakika kumi nzima.

Kofia ngumu zikapita salama. Buti zikapita. Miwani, glavu, vizibao, vyote vikapita. Kisha Bwana Kofia akafika kwenye kazi za juu.

"Usipande kitu ambacho hakikutengenezwa kupandwa," alisema, akihesabu kwa vidole. "Ndoo si ngazi. Pipa si ngazi. Kiti si ngazi."

Hilo la kiti ndilo lililovunja kufuli. Mkono wa Mama Pacha ulipanda wenyewe.

Bwana Kofia alitazama dari, akatazama ukuta, akatazama saa. "Hakuna mwingine mwenye swali?" Watu kumi na watatu waliobaki wakageuka kumtazama Mama Pacha. "Haya. Wewe, mama."

"Nina jamaa yangu mmoja, mwalimu," Mama Pacha alianza taratibu, kama mtu anayefungua kopo la rangi lililojaa. "Balbu ya sebuleni iliungua. Jamaa akaweka kiti juu ya meza, akapanda. Miguuni kandambili, tochi kaiuma kwa meno. Mkewe akamwambia, baba, si uazime ngazi kwa jirani? Akamwambia anyamaze, huyu hapa ndiye fundi. Basi fundi akashuka bila kutumia miguu. Alitua kwenye karai la nguo nilizo... alizoloweka mkewe, makalio yametangulia, balbu bado kaishika mkononi. Sasa nilitaka kujua: kosa lilikuwa la kiti, la meza, au la kandambili?"

Kontena zima likaangua kicheko. Mchomeleaji mmoja mrefu, ambaye wenzake walikuwa wameshambandika jina la Mlingoti, alipiga paja lake mpaka helmeti ikamshuka puani.

"La vyote vitatu," alisema Bwana Kofia, jasho jembamba likimtoka. "Huyo jamaa yako hakuipanga kazi yake."

"Nitamfikishia, mwalimu."

Wakaja kwenye umeme. Bwana Kofia alisema waya uliochunika haufungwi ovyo, unaripotiwa, na hapo alifanya kosa la kutazama benchi ya pili.

"Hata plasta ya kidonda haifai?" aliuliza Mama Pacha kwa upole.

"Plasta ya kidonda?" Mlingoti alidakia. "Nani huyo?"

"Ni jamaa yuleyule. Waya wa pasi ulichunika, akaubandika plasta mbili, akatangaza kwamba mgonjwa amepona. Alipiga pasi kola moja tu. Nyumba nne zikalala giza."

Sasa watu walikuwa hawana mbavu. Kila Bwana Kofia alipogusa jambo jipya, vichwa vilimgeukia Mama Pacha kabla sentensi haijafika mwisho. Akisema moto, "Jamaa je?" Akisema kubeba mizigo, "Jamaa alibebaje?" Naye Mama Pacha hakuwanyima. Alisimulia kabati ambalo jamaa alilibeba peke yake, likamlalia mpaka magharibi. Alisimulia mwiko uliotumika kuchokonoa redio. Wanafunzi waliokuwa wakisinzia saa moja asubuhi sasa wote walikuwa macho kabisa, na mmoja alikuwa anaandika.

Hadi wakafika kwenye kemikali.

"Kamwe," alisema Bwana Kofia, na sauti yake ilikuwa imepungua, "kamwe usimimine dawa kali kwenye chupa ya kitu kingine."

Vichwa vyote vikageukia benchi ya pili. Mama Pacha akafungua mdomo.

Hadithi hiyo alikuwa nayo, tena ndiyo iliyonona kuliko zote. Ilikuwa ya dawa ya kuzibulia sinki, iliyomiminwa kwenye chupa ya shampuu kwa sababu kopo lake lilikuwa linavuja, na ya Jumamosi moja jamaa alipoamua kuosha nywele. Nywele za utosini hazikurudi tena. Lakini alimwona Bwana Kofia ameishika helmeti yake kwa mikono miwili, macho yake kama ya mtoto kwenye foleni ya sindano.

Akaumeza utamu wake.

"Hapo hakuna kitu," alisema. "Kwenye dawa jamaa alikuwa makini."

Watu wakaguna kwa kukosa.

Wakati wa mapumziko, kila mtu alipotoka na kikombe chake cha chai, Bwana Kofia alimfuata nyuma ya rundo la matofali.

"Mama Pacha, utanifukuzisha kazi."

"Mimi? Si umesema hakuna swali la kijinga?"

"Mganga hajigangi, najua. Lakini wale watu wakijua ni mimi, nani atanisikiliza?"

"Baba Pacha, wewe na usalama mlikutana wapi? Niambie tu, maana hata leo nimeona umeingia kontena bila kugonga kichwa, nikashangaa."

Mwanamume akazungusha chai yake ndani ya kikombe. "Nilianguka," alisema. "Mwaka ule tulipoachana. Jukwaa la ghorofa ya pili, ubao haukufungwa. Nyonga na bega. Nililala hospitali miezi mitatu. Nilipotoka, mhandisi mmoja akaniambia, wewe si wa kubeba tena, nenda kasomee kuwazuia wenzako. Nikasoma."

Mama Pacha alikumbuka kwamba mwaka huo watoto waliambiwa baba amesafiri.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungecheka."

"Ningecheka," alikubali. "Halafu ningekuja."

Filimbi ikapigwa. Wakamwaga mabaki ya chai, kila mmoja upande wake.

Kipindi cha mwisho kilikuwa cha vitendo. Ngazi ndefu ya chuma iliegemezwa kwenye ukuta wa ghorofa ya kwanza, chini sakafu ya saruji iliyosuguliwa ikiteleza kama sahani. Bwana Kofia alikuwa apande, aonyeshe mwili unavyoshika ngazi kwa pointi tatu, miguu miwili na mkono mmoja, au mikono miwili na mguu mmoja. Alitakiwa mtu wa kushika ngazi chini.

"Mama Pacha!" wakapiga kelele wote. "Yeye ndiye mwenye uzoefu!"

Wakati huohuo akatokea meneja wa saiti, mwanamume mfupi mwenye simu mbili na subira ya nusu ya moja. "Bado tu?" aliuliza. "Nina watu kumi na wanne wanalipwa kusikiliza hadithi. Panda, bwana, tumalize."

Bwana Kofia akapanda. Kidato kimoja, viwili. Mama Pacha aliishika ngazi, na mikononi mwake akaisikia ikinesa, mtikisiko mdogo wa upande mmoja. Akainama. Mguu wa kulia ulikuwa na kiatu chake cha mpira. Wa kushoto ulikuwa chuma kitupu kwenye ile sakafu laini.

"Shuka," alisema.

Mkufunzi akamtazama kutoka juu. Wanafunzi wakaanza kucheka, wakidhani ni jamaa mwingine huyo anakuja.

"Shuka, nasema. Huku chini mguu mmoja hauna mpira."

"Ni mita tatu tu!" alifoka meneja. "Huyu si mgeni wa leo huyu? Wewe mama, kazi yako ni kushika!"

Kazi yenyewe Mama Pacha hajaianza, na tayari anabishana na mwenye kuitoa. Lakini hakuiachia ngazi. "Asubuhi tumefundishwa kwamba akiona hatari, hata mgeni anasimamisha kazi," alisema. "Kama somo hilo halikuwa la kweli, niambiwe nilifute."

Wote wakamtazama Bwana Kofia. Yule mume aliyemjua yeye angepanda tu, tena angeruka kidato kimoja ili aonekane. Huyu alisimama pale juu, akakohoa mara mbili, akashuka. Alichuchumaa, akakigusa kile chuma kitupu. Kisha akatoa mfukoni kadi nyekundu iliyoandikwa USITUMIE, akaifunga kwenye ngazi kwa waya.

"Ilinipasa kuikagua kabla ya kuweka mguu," aliwaambia wanafunzi. "Nilifundisha asubuhi, nikasahau mchana. Meneja, leta ngazi nyingine. Bila hivyo, mafunzo yamesimama hapa."

Meneja alifungua mdomo. Simu zote mbili zikalia kwa pamoja. Akaenda nazo, akimwashiria mtu wa stoo kwa kidevu alete ngazi.

Walikaa juu ya mifuko ya saruji kungoja. Mlingoti hakuweza kujizuia. "Mama, tumalizie basi. Huyo jamaa mwisho wake ulikuwaje?"

Mama Pacha akamtupia jicho Bwana Kofia. Aliyejibu ni mkufunzi.

"Mwisho wake amekuwa afisa usalama," alisema Bwana Kofia. "Ni mimi. Kiti, pasi, kabati, yote ni mimi. Na huyu alikuwa mke wangu, na kila mara alinionya."

Watu wakatazamana. Halafu kikapasuka kicheko hata mafundi wa ghorofa ya nne wakachungulia chini kuona kuna nini. Naye Bwana Kofia alicheka kuliko wote, akishika nyonga. Walipotulia, alivuta suruali kidogo, akawaonyesha kovu lililoanzia kiunoni, na akawasimulia ubao ule ambao haukufungwa. Hakuna aliyecheka tena, na hakuna aliyeangalia saa.

Ngazi mpya ililetwa. Wakaikagua wote, kidato kwa kidato.

"Umeshika?" aliuliza kutoka juu.

"Nimeshika."

"Kweli?"

"Baba Pacha, ningetaka uanguke ningenyamaza."

Jioni walifanya mtihani wa maswali ishirini, wakapanga foleni mezani kuchukua karatasi. Mama Pacha aliiangalia ya kwake. Kumi na tisa.

"Hii moja imekwenda wapi?"

"Swali la kumi na mbili. Ukiona hatari utamwarifu nani kwanza? Jibu ni msimamizi. Wewe umeandika 'kila mtu'."

"Na kila mtu si yumo na msimamizi?"

"Kwanza, Mama Pacha. Swali linasema kwanza."

"Nikipiga kelele, msimamizi atakuwa kiziwi?"

"Haya ndiyo yalituachanisha," alisema Bwana Kofia, akicheka puani.

"Jamani, sisi tunataka kwenda nyumbani!" Mlingoti alilalamika kutoka nyuma.

"Nikupe nusu," alisema mkufunzi.

"Moja."

"Nusu, na leo sibadilishi."

Akaandika kumi na tisa na nusu, akapiga mhuri, akaupuliza wino ukauke. Mama Pacha alikunja karatasi, akaitia ndani ya kizibao. Kesho yake, saa moja kamili, alikuwa ghorofa ya tatu na brashi yake, akipaka rangi kuta za ngazi za jengo kuanzia juu kwenda chini, na kila aliyepita alimsalimia kwa jina.