Unga wa Robinah Ndani ya Rejeta

Blasio fundi alifungua mfuniko wa rejeta ya Pijo 404, akaingiza kijiti, akakitoa kimeshika uji mweupe ulioganda. Akaangua kicheko, gereji nzima ya Kasese ikageuka.

"Mzee Zedekia, hii gari iko na ugali ndani!"

Zedekia hakucheka. Ule ulikuwa unga wa muhogo wa marehemu mkewe, Robinah. Miaka ishirini na kitu walibeba kahawa kutoka Maliba hadi Bwera, na kila pampu ya maji ilipoanza kuvuja, Robinah alitia konzi moja ya unga. "Ikishiba itanyamaza," alikuwa akisema. Na kweli, unga uliiva humo ndani, ukaziba kidogo, ukawafikisha Munkunyu kwa Mama Eseri, aliyekaa kando ya barabara. Hapo waliomba maji, wakakaa kwenye benchi kungoja injini ipoe. Thubutu! Injini ilipoa ikawa baridi kabisa, wanawake wale wawili bado wako kwenye habari za Kisinga. Zedekia alinung'unika kwa mazoea tu. Ukweli ni kwamba alizipenda saa zile kuliko saa zote za maisha yake, na sasa kuzikumbuka kulimuuma.

"Fundi, nataka isivuje hata tone," alisema. "Ijumaa nafika Bwera bila kusimama."

"Haraka iko ya nini, Mzee?"

"Binti yangu Phionah anaolewa Jumamosi. Anataka gari ya mama yake impeleke kanisani."

Hiyo ilikuwa nusu ya ukweli. Nusu ya pili ilikuwa aibu. Robinah alipofariki, mwaka wa 2011, Zedekia alichanganyikiwa. Watu walitumwa huku na kule kupeleka habari za msiba, na hakuna aliyetumwa kwa Eseri. Mwanamke aliyewapa maji miaka yote hiyo, jamani! Wiki ikapita, mwezi ukapita, kisha miaka mitatu. Gari likakaa chini ya turubai, naye hakuipita tena njia ile. Angemtazama Eseri kwa macho yapi?

Blasio alifungua pampu, akabadilisha sili ya kuzuia maji iliyokwisha. Akalaza karatasi ngumu juu ya chuma, akaigongagonga ukingoni kwa nyundo mpaka ikakatika gasketi mpya. Halafu akasukuma maji ya bomba ndani ya rejeta. Unga ukatoka mapande mapande, ukaenda na mtaro. Zedekia aliusindikiza kwa macho hadi pande la mwisho.

"Pole, Mzee," Blasio alisema, asijue anampa pole ya nini.

Ijumaa asubuhi mshale wa joto ulitulia mahali pake njia nzima. Alipoikaribia Munkunyu alikanyaga mafuta. "Pita, wewe mzee, pita!" alijihimiza kwa sauti. Mguu ukaenda kwenye breki wenyewe. Umeuzoeza miaka ishirini, leo utauambia nini?

Eseri alikuwa ameshatokea barabarani, mzee sasa, jerikeni mkononi.

"Nimejua mulio yake tangu kule chini," alisema. "Ya Robinah nilisikia sokoni, mwezi imeshapita. Mutu nimemupa maji miaka yote, nikakosa hata kutupa udongo kwa kaburi yake. Wewe iko mutu gani, Zedekia?"

Zedekia alishuka, akaweka kiganja juu ya boneti.

"Injini imechemka, Mama," alisema. "Naomba maji."

Eseri aliinama akachungulia uvunguni mwa gari. Hakuna tone. Akatazama boneti. Hakuna mvuke. Akamtazama Zedekia, akaona machozi yamemjaa machoni, kisha akaitua jerikeni chini.

"Iye, imechemka vibaya," alisema. "Hii haipoi leo mbio. Kaa kwa benchi, uniambie vile alikufa."