Mistari Iliyonyooshwa

Aliyesikia la mkuu ndiye aliyevunjika guu. Najua methali hii wengine mnavyoisema, nami niliikariri hivyohivyo shuleni, lakini mwaka huu nimemwona kwa macho yangu mwanamke aliyemsikiliza mkuu neno kwa neno, mstari kwa mstari, na guu likavunjika. Asiyesikia angepona.

Mwanamke huyo ni Notburga. Alitoka kijiji cha Mpitimbi akapanga chumba Lizaboni hapa mjini, karibu na kituo cha kompyuta cha parokia ninakofundisha jioni. Ni mjane. Wakwe zake walimruhusu kuja kusoma mpaka wakati wa mavuno. Akirudi na ujuzi, chama cha ushirika cha kijijini kitampa kazi ya kutunza kumbukumbu za mazao kwenye kompyuta. Akirudi mikono mitupu, anarudi kwenye shamba la shemeji yake na kwenye maneno ya shemeji yake. Alinieleza hayo siku ya kwanza bila kulalamika, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya sokoni.

Mkuu ni Mwalimu Polikarp. Alinifundisha hisabati sekondari, na ndiye aliyenisukuma nikasomee diploma ya kompyuta wakati nyumbani walitaka nikafundishe chekechea. Alipostaafu aliandika kitabu cha kuwafundisha wanaoanza kuandika programu, chote kwa Kiswahili. Aliniletea mwenyewe, kimejaladiwa kwa kalenda ya zamani. Kamati ya kituo ilitaka kukitumia kwa wanafunzi wote, ikaniomba nikipime kwanza niseme kama kinafaa.

Nilitaka kifae. Nimechoka na vitabu vya Kiingereza ambavyo mwanafunzi hutumia nusu ya akili yake kutafsiri na nusu nyingine kuogopa. Mwalimu alieleza mzunguko, yaani kazi ambayo kompyuta huirudia mpaka sharti lake liishe, kwa kupukuchua mahindi: shika hindi, maadamu lina punje, pukuchua, likibaki gunzi, tupa. Ukurasa ule niliurudia kwa raha tu. Sijasoma mahali pengine mzunguko ukielezwa vizuri hivyo, kwa lugha yoyote.

Nikampa Notburga nakala, nikamwambia ajisomee na afanye kila zoezi kwenye kompyuta ya kituo bila msaada wangu. Kitabu cha wanaoanza hupimwa na anayeanza. Anayejua huwa anajaza mapengo bila kujitambua.

Sura mbili za mwanzo alikuwa na furaha. Kompyuta iliandika jina lake, ikamjumlishia magunia, naye akawaita wenzake waje waone. Alipofika kwenye mahindi, mambo yakasimama. Aliweka rula chini ya kila mstari wa kitabu ili asiruke kitu, akanakili kila herufi na kila nukta. Mashine ikamjibu kwa maandishi mekundu ya Kiingereza. Akafuta, akaanza upya. Mekundu tena. Nilimwona akikaa kiti cha nyuma zaidi kila alipokuja, na hatimaye akanirudishia kitabu amekipangusa vumbi.

"Mwalimu, kichwa changu ni cha jembe," alisema. "Wakwe walishaniambia, mimi ndiye nilibisha. Jumapili kuna gari la Mpitimbi."

Nikamwomba angalau angoje kikao cha kamati, kilichokuwa Jumamosi. Alipoondoka nikakaa kwenye kompyuta yake, nikanakili programu ya mahindi kama ilivyo kitabuni. Mekundu. Nikaitazama muda mrefu kabla ya kuona, na nilipoona nikachoka mwili mzima.

Katika lugha ya programu tunayofundisha, mistari iliyo ndani ya mzunguko husogezwa mbele kidogo kutoka pembeni. Nafasi hiyo ndiyo inayoiambia kompyuta kipi kirudiwe na kipi kingoje. Kitabu cha Mwalimu hakikuwa na nafasi hata moja. Kila mstari ulianzia pembeni, umenyooka kama uzi.

Nilikwenda Majengo kwa Anjelika, aliyekichapa. Anjelika huchapa kadi za harusi na ratiba za mazishi, na mjini hapa hakuna asiyejua kwamba ukurasa wake haupindi. Nilipomuuliza alishangaa kwamba naulizia jambo la kusifiwa.

"Mwalimu wako aliandika kama kuku kapita," alisema. "Mstari huku, mstari kule. Nikamnyooshea yote. Tena hata asante hajanipa."

Nikaenda kwa Mwalimu. Nikampa shikamoo, akanipokea kama mtoto wake, nikamwonyesha. Aliugeuza ukurasa, akautazama kwa mbali na kwa karibu. Kisha akanieleza polepole kwamba shule yetu haikuwahi kuwa na kompyuta ya kufundishia. Alipopewa somo la kompyuta juu ya hisabati, programu zote alizifundisha ubaoni na kuzisahihisha kwenye karatasi, na kwenye karatasi jicho la mtu linaelewa hata mistari isipokaa vizuri. Ndiyo maana Anjelika aliponyoosha yeye hakuona kilichopotea. Hakuna programu ya kitabu kile iliyowahi kuingizwa kwenye mashine.

Nilidhani ameshasema lililo gumu. Kumbe bado.

"Jumamosi sema kinafaa, Careen mwanangu. Toleo la pili tutarekebisha. Watu wameshanipongeza hadi kanisani."

Nikamwambia kuhusu Notburga na gari la Jumapili. Akasema mwanafunzi anayekata tamaa mapema hana moyo wa kusoma. Niliondoka nikiwa na uchovu ule wa kubeba kitu ambacho si chako na huoni pa kukitua.

Jumamosi tukasali, tukanywa chai kwa viazi vitamu, kikao kikaanza. Mwenyekiti, Mzee Rupert, alikisifu kitabu, Mwalimu mwenyewe akiwapo. Wajumbe wakafuata mmoja mmoja. Mmoja alisema kimeipandisha hadhi lugha yetu, mwingine akataka askofu apelekewe nakala. Mimi nilikuwa nimejiandalia maneno laini: kitabu kina mafanikio mengi na changamoto chache. Ndivyo tunavyozika ukweli bila kuusumbua. Ningeyasema, nami ningerudi nyumbani kulala.

Lakini kabla ya kunifikia mimi, Mzee Rupert alitaka kumsikia mwanafunzi aliyekitumia. Notburga akasimama, mikono ameifungia ndani ya kanga.

"Kitabu ni kizuri, mzee," alisema. "Mimi ndiye sikuweza."

Wajumbe wakatikisa vichwa kukubali. Hakuna aliyeshangaa, hakuna aliyemuuliza ameshindwa wapi. Ilikuwa kana kwamba wameambiwa mvua ni maji. Mwalimu Polikarp alikuwa anatazama ndani ya kikombe chake. Aliujua ukweli kama ninavyoujua mimi, na alikunywa chai yake.

Sikungoja zamu yangu. "Kitabu hiki hakifai," nikasema. "Kuanzia sura ya tatu hakuna programu inayofanya kazi. Nimezijaribu zote. Mama huyu hakukosea hata herufi. Kilichokosea ni kitabu, na mwenye kitabu anajua."

Mzee Rupert aliniuliza kama diploma ndiyo inayofundisha kusema hivyo mbele ya mwalimu wako. Akaongeza kwamba labda binti anapendelea vitabu vya Wazungu, kwa kuwa cha Mngoni mwenzake kinamnukia jasho. Baadhi wakacheka.

"Kiswahili ni changu pia, mzee," nikamwambia. "Sitaki mama huyu akasimulie kwao kwamba alishindwa kwa sababu alifundishwa kwa Kiswahili."

Kompyuta zipo chumba cha pili. Nikamwomba Notburga aje afungue programu yake ya mahindi, na wajumbe wakatufuata kwa shingo upande. Nikamwonyesha mistari ya kupukuchua, nikamwambia aisogeze mbele, mmoja baada ya mwingine. Akaisogeza kwa kidole kimoja. Akaiendesha. Mashine ikaandika pukuchua, pukuchua, pukuchua, hadi punje zikaisha, ikaandika tupa gunzi, ikasimama.

Notburga hakucheka. Aliendelea kukitazama kioo.

"Yaani ni hapo tu?"

"Hapo tu."

"Na mimi nimeshafunga begi," alisema, si kwangu wala kwa mtu yeyote.

Tulipogeuka, Mwalimu Polikarp alikuwa ameshachukua kofia yake. Aliondoka bila kuaga.

Gari la Jumapili lilikwenda Mpitimbi bila Notburga. Kamati ilikiweka kitabu kando mpaka kirekebishwe. Mjini, habari inayotembea haina mahindi wala mistari ndani yake. Inasema binti fulani alimvua mwalimu wake nguo mbele za watu.

Leo Mzee Rupert amekuja nyumbani. Mama amempikia, wamezungumza, wameshapatana. Niende kwa Mwalimu nikiwa na mtu mzima wa kuniombea na kuku mkononi, nipige magoti, niseme ulimi uliniteleza. Kuku ameshafungwa miguu, yuko pale mlangoni.

"Ni maneno tu, mwanangu," mama amesema. "Unasema, yanaisha."

Nimewaambia wote wawili kwamba kitabu cha Mwalimu kipo mezani kwangu. Nakipitia ukurasa kwa ukurasa, narudisha kila nafasi mahali pake, macho yananiuma, na nikimaliza nitampelekea kiwe chake, jina lake juu. Hata kuku nitambeba, wakamle. Lakini nikisema nilikosea siku ile, kosa haliyeyuki. Lazima likae kwa mtu, na anayengojwa kulipokea tunamjua. Notburga ameshaniuliza, kwa upole, kama ingefaa aseme ni yeye aliyekielewa kitabu vibaya.

Shikamoo ya Mwalimu ipo, kila tutakapokutana. Radhi siombi.