Sikio la Kushoto la Mwalimu Levina

Tangu siku Mwalimu Mkuu Remigius alipomzaba kofi mbele ya darasa la sita na walimu wenzake, mwaka 1993, kwa sababu tu alibishana naye juu ya mitihani, sikio la kushoto la Mwalimu Levina lilikuwa likipiga mluzi. Halikunyamaza akila, halikunyamaza akisali. Miaka minne hakujua kimya ni kitu gani, na kila mluzi ulipopanda alimlaani Remigius kwa jina.

Mwaka 1997 daktari bingwa wa masikio alipita Ifakara. Alimpima, akamwambia kuna madaktari Ulaya wanaojaribu kutibu mluzi wa aina hiyo kwa kutoboa fuvu na kupitisha waya ubongoni.

"Wamefanyiwa watu tisa tu," alisema. "Wanne wamepata nafuu. Wanne wako vilevile. Mmoja amepoteza usemi. Sikudanganyi, mwalimu, bado ni majaribio."

Levina aliwaza wiki nzima. Angelala! Angesikia mvua, mvua peke yake. Alikuwa ameanza kujaza fomu ya kuomba matibabu hayo Remigius alipobisha hodi kwake Lipangalala, mstaafu sasa, mvi kichwa kizima. Levina hakumwamkia.

"Nimesikia habari za hao madaktari," mzee alisema. "Nenda, mwanangu. Usiogope."

"Jumapili kanisani kigango kinachagua mwenyekiti, na jina lako limo. Ndiyo maana unataka niwe mbali?"

"Hayo mambo ya zamani, Levina."

"Kwako ya zamani. Mimi nayasikia sasa hivi."

Mzee alipoondoka, Levina aliichana fomu. Mluzi angeweza kuishi nao. Lakini awe bubu, na yule anatembea kifua mbele? Hapana.

Jumapili, baada ya misa, waumini walipoulizwa kama kuna mwenye neno, alisimama. Alieleza kofi, damu iliyotoka sikioni, na jinsi alivyotishiwa kufukuzwa kazi akienda polisi.

"Kama nasema uongo, abishe," alisema, akimnyooshea kidole.

Mke wa Remigius, Bernadetha, aliinuka akatoka nje peke yake. Mzee hakupata kura hata kumi.

Levina alirudi nyumbani akicheka njiani kama mwehu. Aliketi barazani, sikio likilia vilevile, akaanza kuwakumbuka mmoja mmoja walimu waliokuwepo siku ya kofi wakanyamaza.