Yowe la Mokami

Ng'ombe walirudi wakinuka dawa ya josho. Nyuma yao alikuja Machage, mikono imefungwa kamba ya katani.

Harufu ile ilimfikia Mokami langoni kabla ya watu, akaelewa. Kupe walikuwa wakimmalizia ndama, naye malaria ilikuwa imemlaza. Machage, shemeji yake, alikuwa amewapeleka ng'ombe kuogeshwa. Lakini asubuhi, alipoona zizi tupu, Mokami hakuuliza mtu. Alipiga yowe. Na hapa Itiryo yowe la mifugo halijibiwi kwa maswali. Wanaume hutoka na pinde.

"Mama Eunice, mwizi wako huyu," alisema Kisyeri, mkubwa wa sungusungu. "Ameiba kupe."

Watu wakacheka. Machage hakucheka. Damu ilimtiririka kutoka sikioni hadi kwenye kola.

"Niliita dirishani, shemeji. Nikaona umelala, nikakuacha upumzike."

"Huyu hata wingu likipita anaona mafuriko!" Waisiko, mke wa Machage, alifoka. "Bintiye Eunice alichelewa basi la Musoma siku moja tu, yeye akaanza kumlilia matanga. Leo angenizikia mume!"

Mokami alishika kamba. Fundo lilikuwa limeloa, limekaza. Akapiga magoti mbele ya kijiji kizima, akalifungua kwa meno.

Wiki nzima alichota maji adhuhuri, wakati kisima hakina watu. Jumatano akaenda kwa Machage.

"Kesho ni josho, shemeji. Naomba uwapeleke tena."

"Nichomwe mishale?"

"Sitatoka kitandani."

Machage aliendelea kunoa panga.

Kulipopambazuka Alhamisi, Mokami alisikia miti ya lango ikiondolewa. Kisha kwato. Hakuna aliyeita dirishani. Je, kama si yeye? Kifua kilimjaa, mdomo ukafunguka wenyewe. Akaujaza shuka, akauma mpaka kwato zikapotelea bondeni.

Jua lilipotoka alichukua reki akaanza kukusanya samadi. Mzee Matiko, akipita na fimbo yake, alisimama ghafla.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. We mama, mbona zizi tupu? Ng'ombe wako wapi?"

Mokami alitazama njia ya bondeni. Hakukuwa na mtu, wala vumbi.

"Wako na Machage," alisema, akainama tena kwenye samadi, iliyokuwa bado ikifuka mvuke.