Kocha wa Bwawa la Kina

Usulini ni nchi ya neema na majivuno, na watu wake hawampi mtu kazi kwa sababu anaiweza, bali kwa sababu anajua neno la kazi hiyo lilizaliwa wapi, likalelewa na nani, na likavuka mipaka ipi hadi kuwafikia wao. Mwashi wao huulizwa asili ya neno tofali, na akiisoma kwa ufasaha hupewa nyumba ajenge. Nyumba ikianguka, waliomo huzikwa kwa heshima na mwashi husifiwa kwa ufasaha wake. Ndivyo walivyoishi, na jamani, wengi wao walikuwa wamesoma.

Ikawa mji wao wa Fahari umetamani ushindi wa kuogelea, ukatafuta kocha wa watoto. Akaja Bwana Nasaba, kanzu imenyooka, ndevu zimechanwa, akasimama mbele ya Kadhi Istilahi.

"Mheshimiwa," akasema, "neno kocha lilizaliwa katika kijiji cha Wahungari, mafundi wa magari ya kukokotwa na farasi. Wajerumani wakalitamka kutshe, Waspanyola koche. Na Waingereza, baada ya kulipanda gari hilo miaka na miaka, wakampa jina la gari hilo mwalimu amvushaye mwanafunzi mtihani kama gari limpelekavyo abiria."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Hakuna aliyeuliza kama bwana yule amewahi kulowa, ila Bi Tahadhari, mama wa Shauku, binti mwembamba asiyejua kuogopa.

"Samahani, Bwana Kocha, mimi sikusoma sana. Kuogelea unajua?"

"Bi mkubwa," Nasaba akamjibu kwa upole wa kumhurumia, "hilo ni swali la samaki."

Watu wakacheka wakashika mbavu. Bi Kejeli, jirani yake, akamnong'oneza kwa sauti iliyosikiwa na wote: "Shoga, mtie mwanao kabatini basi, upige na kufuli!"

Bi Tahadhari akaona haya, akaketi. Na haya hiyo ndiyo iliyompeleka mtoto bwawani.

Huko Bwawa la Kina, mama zao wakitazama, watoto walipangwa ukingoni, wakaimba kutshe na koche hadi sauti zikawakauka. Shauku akaimba kuwashinda wenzake, na zawadi yake ikawa kurukia maji wa kwanza. Akaruka. Ukaonekana mkono, kisha ukapotea.

"Tazameni!" akasema Nasaba, kidole juu. "Anasafiri, kama neno lenyewe lilivyosafiri!"

Bi Tahadhari hakungoja tafsiri. Akajitosa na gauni lake, maji yakamfika kidevuni. Bi Kejeli akainyaka ncha ya leso ya shoga yake, kina mama wengine wakamshika Bi Kejeli, na mtoto akavutwa kwa nywele, akatapika maji, akalia. Kilio kile kilikuwa kitamu kuliko maulidi.

Bi Tahadhari akashtakiwa kwa kuvunja somo.

"Uliingia majini kwa idhini gani?" akauliza Kadhi. "Asili ya neno kuokoa waijua?"

"Siijui, Mheshimiwa. Ningekaa kuitafuta, leo ningekuwa matangani."

Kadhi akamgeukia mtoto. "Nawe, ulipokuwa chini, ulikumbuka lugha ipi?"

Shauku akashika gauni la mama yake. "Hakuna, babu. Nilikuwa namwita mama, sauti haitoki."

Kisha Kadhi akaamuru wanazuoni waichunguze sauti isiyotoka, na ukumbi ukampigia makofi kwa hekima hiyo. Lakini viti vya wanawake vilikuwa vitupu. Walikuwa wameondoka na mshtakiwa wao, wamesimama bwawani pale maji yanapoishia magotini, kila mmoja amemshika mwanawe chini ya tumbo: "Piga miguu! Piga, mwanangu, nimekushika."

Jioni akaja Bwana Nasaba, akasimama mbali, akakohoa.

"Mabibi, je, pana nafasi ya mtu mzima?"

Bi Kejeli akafungua kinywa, Bi Tahadhari akamzuia kwa mkono, akamtazama yule bwana kuanzia kilemba hadi viatu.

"Vua viatu," akasema. "Na usitamke hata neno moja mpaka maji yakufike kiunoni."