Redio Iliyofunguliwa

Redio mpya ilisema dakika mbili ikanyamaza. Mume wangu, Amissi, aliigeuza, akaipiga kofi mgongoni, kisha akaniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyeiharibu. Alikuwa ameinunua Bujumbura juzi, alipopeleka ndagala, dagaa wa ziwani, kuuza, na njia nzima aliipakata kama mtoto.

Tuliitaka kwa jambo moja tu. Binti yetu Mwanahamisi alipotea siku risasi zilipotukuta Kizuka, karibu na kwetu Rumonge. Watu walikimbia huku na huku, mkono wake ukanitoka. Alikuwa na miaka tisa. Kila Jumamosi jioni redio ilisoma majina ya watoto waliofika peke yao kwenye kambi za wakimbizi Tanzania. Ilisoma mara moja, haikurudia. Na siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

"Kesho ninairudisha kwenye duka," Amissi alisema. "Iko na garanti. Ona hii karatasi nyekundu kwenye mugongo. Ikipasuka, hawapokei tena."

"Utapita wapi, Baba Mwanahamisi? Muhuta? Wiki hii wamechoma gari mbili kwenye hiyo barabara."

"Nilipita na nikarudi."

"Basi bahati yako umeshaimaliza! Peleka kwa Mushagalusa."

Mushagalusa alikuwa fundi wa redio, Mkongomani aliyevuka ziwa kutoka Kivu, na kibanda chake kilikuwa karibu na soko. Amissi hakumwamini. Alisema kitu kipya hakifunguliwi na mtu wa kibandani. Tuligombana hadi chakula kikapoa. Niliogopa kupoteza mtu wa pili, na sikuona haya kumwambia hivyo. Mwishowe alibeba redio yake akaenda sokoni amenuna, nami nikamfuata.

Fundi aliichana karatasi nyekundu kwa ukucha. Garanti ikaishia hapo. Lakini Jumamosi asubuhi redio ilikuwa inaongea vizuri.

"Murakoze sana, fundi," nilimshukuru.

"Ngoja, mama. Hii butoni ya sauti ilipasuka mu ndani, nimeiunga tu. Musipandishe kupita nusu. Mukipandisha, itakufa."

Kwetu habari za majina hazisikilizwi na mtu peke yake. Mwenye redio hufungua mlango. Jioni ile jirani yetu Esperance, ambaye wanawe wawili hawakujulikana walipo, aliketi kizingitini, na wengine wakasimama uani. Msomaji alisoma polepole, sauti ikiwa nusu. Kisha akasema, "Mwanahamisi, binti Amissi, wa Rumonge, anawatafuta wazazi wake..."

Anawatafuta! Yuko hai! Nilipiga kelele. Amissi aliruka, mkono ukaenda kwenye butoni, kwa furaha tu, ili watu wa uani nao wasikie jina la mwanawe. Akaizungusha hadi mwisho. Redio ilikoroma ikazima, kabla haijataja kambi.

"Fundi alisema nusu," Amissi alisema, machozi yakimtoka. Sikuwa na moyo wa kumgombeza.

Nilitoka mbio bila viatu. Niliingia kila nyumba yenye redio nikiuliza Mwanahamisi yuko kambi gani. Watu walinikalisha, walinipa maji, walijaribu kukumbuka. Mzee Léonard, wa nyumba ya mwisho, alikuwa amesikiliza tangu mwanzo hadi mwisho, sikio kwenye spika.

"Unisamehe, mama," alisema. "Nilikuwa ninangojea jina la Olivier wangu tu."